Viti Kwanza, Vichwa Baadaye: Historia ya Mchujo wa Kidato cha Tano

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wanafunzi 11,832 katika shule zake zote za sekondari, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Mwalimu Nyerere alizitaja takwimu hizo Machi 1967 katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akaziweka kando ya zile za mwaka huo: wanafunzi 25,000 wa sekondari, 830 wa kidato cha sita. Alitaka kuonyesha hatua iliyokwisha pigwa na safari ndefu iliyobaki. Lakini takwimu hizo zinasomeka pia kwa jicho jingine. Katika miaka sita idadi ya waliofika kileleni mwa sekondari ilikaribia kuwa mara tano, na hakuna atakayedai kwamba akili za vijana wa nchi hii zilikuwa zimeongezeka mara tano. Kilichoongezeka ni madarasa, mabweni, walimu, na haja ya serikali kupata wasomi. Mwaka 2024 vijana zaidi ya 130,000 walipangiwa kidato cha tano kwa tangazo moja. Wengi wao, kwa ufaulu uleule, wasingekaribia hata mlango wa sekondari za Tabora au Pugu mwaka 1961.

Hoja ya makala haya inatokana na jambo hilo. Tangu enzi za mkoloni hadi leo, uamuzi wa nani asome masomo ya juu ya sekondari umeanza na hesabu ya viti na mahitaji ya dola; kipimo cha ubora wa mwanafunzi kimekuja baadaye, kikakatwa kwa kadiri ya viti vilivyopo. Sisemi kwamba mitihani ni uongo, wala kwamba waliochaguliwa hawakustahili. Nasema kwamba mstari unaomtenganisha aliyechaguliwa na aliyeachwa haukuchorwa na maumbile. Umechorwa na watu, kwa sababu za wakati wao, na umesogezwa kila sababu zilipobadilika. Asiyeijua historia hiyo huuchukua mstari wa mwaka huu kama hukumu ya milele juu ya kichwa cha mtoto.

Kabla ya kidato cha tano kuwepo, mchujo ulikuwepo. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ililenga kwanza wana wa machifu. Sababu haikufichwa: Waingereza walitawala kupitia machifu, na walihitaji kizazi cha watawala wa kienyeji wanaojua kusoma barua ya Bwana Shauri na kutunza daftari la kodi. Kipimo cha kwanza cha kustahili elimu ya juu kilikuwa, basi, nasaba. Huko Malangali, katika nyanda za Iringa, shule iliyoanza mwaka 1928 ilikwenda mbali zaidi, ikaingiza mila na ngoma za makabila ya eneo lile katika ratiba ili wanafunzi wasitengane na jamii walizotarajiwa kuziongoza. Hakukuwa na anayeuliza kama mtoto wa chifu ana akili kuliko mtoto wa mchunga ng'ombe. Swali halikuwa hilo. Swali lilikuwa kiti hiki kinamwandaa nani kwa kazi gani.

Kazi zilipobadilika, kipimo nacho kikabadilika. Utawala ulihitaji makarani, walimu, matabibu wasaidizi na mabwana shamba wengi kuliko idadi ya watoto wa machifu, na mitihani ikachukua nafasi ya nasaba. Palikuwa na mtihani wa darasa la nne, wa darasa la nane, wa darasa la kumi, na hatimaye cheti cha Cambridge cha darasa la kumi na mbili. Kila ngazi ilikuwa na lango, na kila lango lilipimwa kwa idadi ya vitanda vya shule inayofuata. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na mwaka 1943 akaenda Makerere. Nasaba na mtihani vilikutana kwake, lakini wengi wa rika lake walikosa vyote viwili kwa sababu rahisi zaidi: katika wilaya yao hapakuwa na shule iliyovuka darasa la nne. Huwezi kuushinda mtihani ambao haukufikishwa kwenu.

Wakati huo elimu ambayo leo tunaiita ya kidato cha tano na sita ilitolewa Makerere yenyewe. Wanafunzi kutoka Tabora, na kutoka Minaki na shule nyingine chache za misheni, walifika Kampala na kuanza na masomo ya maandalizi kabla ya kozi ya taaluma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maandalizi hayo yakahamishiwa katika shule za nchi husika, na ndipo Tanganyika ilipoanza kuwa na kidato cha tano chake. Uhamisho huo ulizaa lango jipya. Mchujo ambao zamani ulifanywa na chuo kimoja kwa Afrika Mashariki nzima ukawa wa wizara moja. Na wizara hiyo ilirithi mifumo mitatu iliyotenganishwa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake na lango lake. Mwaka 1959, wakati wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma masomo hayo ya juu wangeweza kuenea katika vyumba vichache vya madarasa, ilifunguliwa Iringa shule ya fahari ya St Michael's and St George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Majengo yake ndiyo yaliyokuja kuwa sekondari ya Mkwawa, iliyopokea vijana wa kidato cha tano kutoka nchi nzima. Kuta zilikuwa zilezile na madawati yaleyale. Kilichogeuka ni jibu la swali la nani anastahili kuketi.

Mfumo wa rangi ulivunjwa rasmi Januari 1962, na ada za sekondari za serikali zikafutwa mwaka 1964. Hapo pangeweza kuanza enzi ya mchujo unaomtazama mwanafunzi peke yake. Haikuwa hivyo, na kwa sababu nzito. Nchi iliyokuwa na wahandisi, madaktari na wanasheria wa kuhesabika kwa vidole haikuweza kuacha kidato cha tano kijazwe kwa matamanio. Wapanga mipango walihesabu nafasi za kazi ambazo serikali ingehitaji, na Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ukaweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo 1980. Kutoka idadi ya wahandisi walihesabu kurudi nyuma: wahandisi kadhaa, kwa hiyo viti kadhaa vya chuo kikuu, kwa hiyo madarasa kadhaa ya Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha tano. Kijana wa kidato cha nne aliyeshika nafasi ya mwisho kwenye orodha ya PCM na yule aliyeshika nafasi ya kwanza nje ya orodha hiyo walitenganishwa na kikokotoo cha mpanga mipango wa Dar es Salaam, hata kama karatasi zao za mtihani zilikaribia kulingana.

Elimu ya Kujitegemea yenyewe ililikubali jambo hili bila kuzungukazunguka. Nyerere aliandika kwamba ni watoto kama asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, na kwamba wengine wasichukuliwe kuwa wameshindwa. Alitaka shule ya msingi ijitosheleze yenyewe badala ya kuwa ngazi ya kuchujia. Ni mawazo ya kiongozi aliyeona kwamba idadi ya viti inageuzwa kuwa hukumu ya utu. Ila kuitambua hatari si kuiondoa, kwa kuwa mishahara, heshima na nyumba za serikali ziliendelea kuwangoja wale wa asilimia 13, na ndani yao wale wachache zaidi wa kidato cha sita.

Miaka ya 1970 ilileta jaribio kubwa zaidi la kubadili kinachopimwa. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likakosoa uzito uliopewa mtihani wa mwisho. Kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani, na tabia yake, juhudi zake za kazi na mwenendo wake vikawa na fomu yao. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena moja kwa moja chuo kikuu. Alitakiwa kwanza afanye kazi, na mwajiri na chama tawala wampendekeze. Sekondari nazo ziligawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, hata mchepuo wa shule aliyopangiwa mtoto akiwa kidato cha kwanza ukaanza kuamua mapema ni milango ipi ya kidato cha tano ingemfungukia.

Jaribio hili halistahili kubezwa. Lilitaka kumpima mtu mzima, si saa tatu za karatasi. Lakini lilifundisha somo ambalo wapenda mageuzi hawakulitarajia: kila kipimo kinachotoka mikononi mwa msimamizi wa mbali na kuingia mikononi mwa walio karibu na mwanafunzi hupokea pia upendeleo wa hao walio karibu naye. Mwalimu mkuu akijua kwamba alama zake zinashindana na za shule jirani kwa viti vichache, atajiuliza kwa nini awe mkali peke yake. Fomu ya tabia inaweza kumwinua kijana mwadilifu, na inaweza pia kumzima kijana mwenye maswali mengi. Sharti la kazi kabla ya chuo kikuu liliwaangusha wasichana, ambao wengi wao walianza familia katika miaka ile ya kusubiri, na serikali ikalazimika kuwalegezea. Kipimo kilibadilishwa, viti vikabaki vichache, na uchache huo ukatafuta njia nyingine ya kupenya.

Palikuwa pia na suala la mikoa. Kilimanjaro na Kagera zilikuwa na misheni za mapema na fedha za kahawa, na kwa hiyo shule nyingi na wazazi waliosoma. Lindi, Mtwara, Kigoma na Dodoma hazikuwa na bahati hiyo. Kama uchaguzi wa kidato cha kwanza ungefuata alama tupu, sehemu kubwa ya viti vya taifa ingekwenda kwenye mikoa michache, na miaka minne baadaye kidato cha tano kingekuwa na sura hiyohiyo. Serikali ikaweka mgawo wa mikoa na wilaya, na alama za kuingilia za wasichana zikashushwa chini ya zile za wavulana. Wapo waliolalamika kwamba kijana wa Moshi mwenye alama nyingi anaachwa ili kijana wa Lindi mwenye alama chache apite. Lalamiko hilo lingekuwa na nguvu kamili kama alama zile zingepimwa kwenye uwanja ulionyooka. Mtoto aliyepata 60 katika shule yenye mwalimu mmoja kwa madarasa matatu ameonyesha uwezo ambao 70 ya mtoto mwenye walimu saba haiuonyeshi. Mgawo ulikuwa njia ya kusoma alama pamoja na mahali zilipopatikana.

Hata hivyo mgawo ulikuwa na matokeo ambayo haukuyakusudia. Wazazi wa mikoa iliyobanwa hawakukaa kimya. Makanisa, Jumuiya ya Wazazi na vikundi vya wilaya walijenga shule zao, na mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari binafsi zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Nyingi za shule hizo zilikuwa na maabara haba na walimu wa kubahatisha, lakini zilifungua mlango kwa vijana ambao mfumo ulikuwa umewatangazia mwisho wa safari. Wengi waliendelea hadi vyuo vikuu. Huu ni ushahidi mkubwa kuliko nadharia yoyote: kundi zima la walioachwa na mchujo liliweza kusoma masomo ya juu pindi tu kiti kilipopatikana. Ubaya wake ni kwamba kiti kile kilikuwa na bei, na kwa hiyo mfuko wa mzazi ukawa kipimo kingine kando ya mtihani.

Upanuzi mkubwa ulikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Sekondari zilikuwa 1,291 mwaka huo. Mwaka 2009 zilifika 4,102, nyingi zikiwa shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Kidato cha kwanza kilifunguliwa kwa mamia ya maelfu, lakini walimu na maabara havikufuata mwendo huo. Kwa kipindi fulani mtihani wa taifa ulikuwa na karatasi mbadala wa mtihani wa vitendo, mahususi kwa shule zisizo na maabara. Mtahiniwa wa Kemia alielezwa kwa maandishi kwamba kimiminika fulani kimechanganywa na kingine na rangi imegeuka, kisha akaulizwa maana yake. Huenda hajawahi kushika neli ya majaribio maishani mwake, wala hajui harufu ya amonia. Halafu alama hiyohiyo ikapelekwa kushindania kiti cha PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) dhidi ya alama ya kijana aliyefanya majaribio kila wiki kwa miaka minne. Serikali ilikuja kuziagiza shule zote za kata zijenge maabara tatu kila moja kufikia mwaka 2014, na agizo lile ni kukiri kwamba hadi hapo uwanja haukuwa mmoja.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi. Waliopata sifuri walizidi 240,000, zaidi ya nusu ya watahiniwa. Tume iliundwa, na Mei mwaka huo matokeo yakatangazwa upya baada ya kusanifishwa kwa viwango vya miaka iliyotangulia. Waliopata sifuri wakapungua kwa takriban 30,000. Tuitazame hatua hiyo kwa utulivu. Majibu yalikuwa yaleyale, mwandiko uleule, makosa yaleyale. Vijana 30,000 walitoka sifuri bila kuandika herufi moja zaidi, na wengine wakapanda daraja. Mwaka 2014 madaraja yakawekwa kando, ukaja mfumo wa wastani wa alama wenye majina yake mapya. Mwanzoni mwa 2016 waziri mpya wa elimu, Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akaagiza kurudi kwenye madaraja. Kila uamuzi ulikuwa na hoja zake za kitaalamu. Kwa pamoja, maamuzi hayo yanaonyesha kwamba mpaka kati ya anayestahili na asiyestahili ni wa kiutawala, na unaweza kuhamishwa ndani ya miezi mitatu.

Utaratibu wa miaka ya karibuni nao unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hesabu yake inaeleza mengi. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Ili uchaguliwe kidato cha tano katika shule ya serikali, masomo yako saba bora yasizidi pointi 25, yaani usishuke chini ya daraja la tatu; uwe na angalau C katika masomo matatu; na masomo matatu ya tahasusi yako, yaani mchanganyiko utakaousoma kidato cha tano, yasizidi pointi 10. Sasa mchukue kijana mwenye B ya Fizikia, B ya Hisabati na C ya Kemia, ambaye mengine aliyofanya yamempa D moja na F tatu. Tahasusi yake ni pointi 7, nzuri kabisa, lakini jumla yake ni 26. Anaachwa. Mwenzake ana C tatu na D nne, mbili kati ya hizo C na moja ya hizo D zikiwa kwenye tahasusi hiyohiyo. Tahasusi yake ni 10, jumla yake 25. Anapita. Kwa Fizikia na Hisabati za kidato cha tano, aliyeachwa ana msingi imara kuliko aliyepita; ameangushwa na masomo kama Historia na Kiingereza ambayo hangeyasoma tena kama masomo ya tahasusi. Mtu anaweza kuutetea utaratibu huo kwa kusema nchi inataka msomi aliyekamilika. Ni hoja halali. Lakini basi tuseme wazi kwamba tunachagua ukamilifu, si uwezo wa kumudu masomo ya juu, kwa kuwa hivyo ni vitu viwili.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kwamba mtihani mmoja kwa wote, pamoja na kasoro zake, ni mwadilifu kuliko kila kilichoutangulia. Nakubali nusu yake. Mtoto wa mkulima wa Nachingwea asingekuwa na nafasi mbele ya kipimo cha nasaba, wala cha rangi, wala cha barua ya mwajiri. Namba ya mtihani haina jina la ukoo. Lakini uadilifu wa msahihishaji si uadilifu wa mchujo. Msahihishaji hamjui mtahiniwa. Mtihani unamjua vizuri sana. Unajua kama shule yake ilikuwa na mwalimu wa Hisabati. Unajua pia lugha aliyoizoea, kwa kuwa mtoto wa shule ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili kisha hupimwa Fizikia kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Tangu hapo kila matokeo ya sayansi yamekuwa kwa sehemu matokeo ya Kiingereza.

Pingamizi la pili ni la rasilimali: viti ni vichache, lazima mtu aachwe. Ni kweli, na ndiyo maana hoja yangu haidai mchujo ufutwe. Inadai tusiuvike mchujo wa uchache joho la hukumu ya akili. Tofauti hiyo ina matokeo ya vitendo. Ukiamini kwamba walioachwa hawana uwezo, utaridhika na viti ulivyonavyo. Ukijua kwamba wameachwa kwa sababu viti vimeisha, utaona kila mwaka deni ambalo taifa linadaiwa. Kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali mwaka 2022 kulipunguza sehemu moja ya deni hilo, kwa kuwa kiti kilichopatikana kwa alama hakipotei tena kwa kukosa ada.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba kupanua ni kushusha kiwango, na mwaka 2012 ni ushahidi. Lakini kilichoanguka mwaka 2012 ni kidato cha kwanza hadi cha nne, kilichopanuliwa bila walimu. Kidato cha tano na sita nacho kimepanuliwa sana tangu wakati huo, na katika miaka ya karibuni zaidi ya watahiniwa 98 katika kila 100 wa kidato cha sita wamefaulu. Mtu makini atasema kufaulu huko kunajumuisha daraja la nne, na atakuwa sahihi. Hata hivyo, kama mlango ungekuwa umefunguliwa kwa wasioweza, tungetarajia kuwaona wakianguka kwa maelfu mwishoni mwa miaka miwili. Hatuwaoni. Maelezo yaliyo rahisi kuaminika ni kwamba nje ya lango la zamani walikuwa wamesimama vijana wengi wanaoweza, na bado wapo wengine.

Kisa cha Dodoma kinaonyesha gharama ya kutolisema hili waziwazi. Mwaka 2014 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzisha stashahada maalumu ya ualimu kwa vijana waliotoka kidato cha nne. Kidato cha sita, ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa njia ya kufikia chuo kikuu, kikarukwa kwa sababu dola ilihitaji walimu haraka. Mei 2016, chini ya serikali nyingine, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani, na wengi baadaye wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Cheti cha kidato cha nne alichokuwa nacho kijana hakikubadilika kati ya siku aliyopokelewa na siku aliyofungasha begi. Haja ya dola na mtazamo wa walioiongoza ndivyo vilivyobadilika, lakini aibu aliibeba kijana.

Sasa tuko katika mabadiliko mengine. Machi 2024 tahasusi mpya 49 ziliongezwa kwenye 16 zilizokuwepo, zikawa 65, zikigusa michezo, sanaa, elimu ya dini na lugha kwa upana ambao haujawahi kuonekana. Sera ya elimu ya toleo la 2023 imetenga mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Ni hatua inayoahidi mengi, kwa sababu inakiri kwamba masomo ya juu si ya aina moja. Lakini tahasusi 65 kwenye karatasi si tahasusi 65 shuleni. Zile zenye walimu na vifaa zitabaki na viti vingi, na vijana watapangiwa zilizopo, kama ilivyokuwa wakati wa michepuo ya miaka ya 1970.

Kwa hiyo lipo jambo moja ambalo historia hii inatudai, nalo halihitaji bajeti kubwa. Kila tangazo la uchaguzi lisindikizwe na hesabu yake kamili: viti vingapi vilikuwepo kwa kila tahasusi, wangapi waliokuwa na sifa waliviomba, na aliyepata kiti cha mwisho alikuwa na pointi ngapi. Orodha za majina tunazo tayari. Tunachokosa ni mizani iliyozitoa. Mzazi wa Newala akijua kwamba binti yake mwenye pointi 8 za CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) aliachwa kwa kuwa viti viliishia kwenye pointi 7, atajua kwamba binti yake alikuwa na sifa na nchi haikuwa na dawati. Atamtafutia njia nyingine bila kumvunja moyo, na atakuwa na swali halali la kumuuliza mbunge wake. Serikali nayo itaacha kujificha nyuma ya daraja la mtoto. Wakoloni walijua walikuwa wanajaza viti vya machifu, na wapanga mipango wa miaka ya 1960 walijua walikuwa wanajaza viti vya wahandisi. Sisi tunajaza viti vilevile kwa vipimo vingine, na wanaoachwa wana haki ya kuambiwa hivyo.